Harufu ya Salfa Kwenye Bodi ya Mama Shukuru

Vijana wa kundi letu la mafundi wa Masasi wameniomba niandike habari za kazi yangu, tangu nilipoanza mpaka nilipofunga meza mwaka huu. Nadhani walitarajia niwafundishe namna ya kutibu amplifaya inayopata joto. Hayo yamo humu, wasiwe na wasiwasi. Lakini sitaandika nilijenga lini wala nilikuwa na wateja wangapi. Fundi redio hapandi cheo; anachopanda ni ngazi, siku akiitwa kufunga spika za msikiti. Nitaandika zaidi juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya maneno niliyoyasema mbele ya watu wakati sikuwa nimepima kitu chochote. Maneno hayo yalimwondoa kwenye meza yake.

Naitwa Dadi, mzaliwa wa Nanganga. Nilipomaliza darasa la saba, mjomba wangu alinipandisha Newala kwa Fundi Chilumba, Mmakonde mrefu, mkimya, aliyekuwa na meza ya kutengeneza redio kwenye baraza la duka la vitenge karibu na soko. Nilikwenda nimevaa shati langu la sikukuu nikidhani nitapewa bisibisi. Alinipa ndoo. Alisema mtu wa bondeni kama mimi hajui bado maji ni kitu gani, na kwamba mtu asiyejua kubeba maji bila kuyamwaga hataweza kubeba redio ya mtu. Nilichota maji wiki mbili nzima. Wale mnaoifahamu Newala ya wakati ule mnajua foleni ya maji ilikuwaje.

Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kuyeyushia risasi tulikipasha kwenye jiko la mkaa. Alikuwa na vyuma viwili, kimoja motoni, kingine mkononi. Alijua kimeiva kwa kukisogeza karibu na shavu. Mimi nilipojaribu nilijiunguza, alama ninayo mpaka leo, na mke wangu alipokuwa ananichumbia nilimdanganya kuwa ni ya jandoni. Naam, yeye ndiye aliyenichumbia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kazi ya Fundi Chilumba ilikuwa na mpangilio wake na hakuuvunja hata mteja awe na haraka kiasi gani. Kwanza alinusa. Alikiinua chombo, akaweka pua kwenye matundu ya nyuma, akafumba macho. Kapasita iliyopasuka hunuka shombo la samaki. Transfoma iliyoungua hunuka kama kabati lililopakwa vanishi likaanikwa juani. Mkojo wa panya kila mtu anaujua. Baada ya kunusa ndipo alifungua, akagusa kwa mgongo wa vidole, siyo kwa kiganja, kwa sababu umeme ukikukamata kiganjani mkono unafumba na kung'ang'ania. Mita ilikuja mwisho kabisa. Alinifundisha pia kwamba kifaa kilichoungua mara nyingi hakina kosa lolote, kimeunguzwa na vingine vinavyokilisha, na fundi anayebadilisha kilichoungua peke yake atakibadilisha tena wiki ijayo.

Nilikaa kwake miaka sita. Kisha nikashuka Masasi kufungua meza yangu, kwa baraka zake, na kwa bisibisi tatu alizonipa. Miaka ikapita na vyombo vikabadilika. Redio za betri zikafuatwa na redio kaseti, zikaja deki, zikaja sabufa ambazo zilitufundisha wote kulala na mito masikioni. Nilinunua vifaa vipya kila nilipoweza: kipimajoto cha kulenga ambacho unakielekeza tu kinakusomea, lenzi yenye taa, na baadaye skopu, ile mashine inayoonyesha umeme unavyotembea kwenye kioo. Fundi Chilumba alibaki na pua yake. Nikipanda Newala kumsalimia nilikuwa namwonyesha vifaa vyangu, naye anavigeuzageuza na kuvisifu. Nakiri nilikuwa nasikia raha ambayo haikuwa nzuri sana.

Kisha zikaja amplifaya za klasi D. Kwa wale wachanga nieleze. Amplifaya za zamani zilikuwa jiko. Transista zake zilichemka muda wote hata muziki ukiwa mdogo, na ndiyo maana zilikuwa nzito, zina mabati makubwa ya kupozea. Hizi mpya ni nyepesi kama begi la shule na zinasukuma spika za uwanja mzima. Siri yake ni kwamba transista zake hazikai katikati. Zinafungua kabisa au zinafunga kabisa, mara maelfu na maelfu kwa sekunde. Transista iliyofungua kabisa haichoki, na iliyofunga kabisa haina kazi. Joto linaingia pale tu inapochelewa njiani, haijafungua wala haijafunga. Kwa hiyo ukiona klasi D inachemka upande mmoja, jiulize ni nini kinamchelewesha huyu. Mimi leo naandika hivyo kwa urahisi. Siku ilipohitajika sikujiuliza.

Mama Shukuru alikuwa mwanamke wa Newala aliyekodisha muziki. Harusi, mikutano, kuwatoa watoto jandoni, yeye ndiye alikuwa anaitwa. Alikuwa na amplifaya moja ya klasi D aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Ikaanza kuchemka upande mmoja na kujizima. Akampelekea Fundi Chilumba, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima wa kutosha na alishaanza kuvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Mzee akakuta transista moja imekufa, akaibadilisha, akasafisha bodi kwa spiriti, amplifaya ikapiga vizuri. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Wiki mbili baadaye watu wamekusanyika, watoto wanatolewa jandoni wamevaa nguo mpya, kina mama wanacheza mbele yao, muziki ukakatika na moshi ukatoka. Wakamalizia kwa kupiga madebe. Mama Shukuru aliaibika, na mwenye sherehe hakumficha alivyojisikia.

Akanipigia simu nipande. Nilifika asubuhi, nikamkuta kwenye baraza la Fundi Chilumba, amplifaya iko mezani imefunguliwa, na watu wengine sita au saba waliokuja kufuata redio zao wamesimama wanatazama. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda chake mwenyewe nikae. Transista ileile ilikuwa imekufa tena, upande uleule. Nikaangalia risasi aliyochomelea. Chuma chake kilikuwa kinene mno kwa bodi ya namna ile, na risasi ilikaa kama donge la ugali. Haikuwa nzuri kutazama lakini ilishika. Hilo la kushika sikulisema.

Fundi Chilumba akasema, "Nusa kwanza, Dadi. Nanusa salfa humu ndani. Na hivi vidogo vilivyo karibu yake mimi sivioni, hebu niangalizie kwa lenzi yako."

Mnajua mwezi wa sita kule juu. Kila mwenye shamba anapulizia mikorosho dawa ya salfa, mabomba ya injini yananguruma tangu alfajiri, vumbi la njano liko kwenye nywele, kwenye chai, kwenye masikio ya mbuzi. Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, mwezi huu Newala nzima inanuka salfa. Hapa ni mkono tu umechoka. Kazi hizi mpya tuachieni sisi."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mama Shukuru hakucheka. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, halafu akaniambia niichukue niende nayo Masasi. Fundi Chilumba alifuta mikono kwa kitambaa, akasema haya, safari njema. Lenzi yangu ilikuwa mfukoni muda wote huo.

Masasi sikuitafuta hitilafu. Nilikuwa nimeshatoa hukumu, ya nini kutafuta? Niliagiza bodi nzima mpya, nikaifunga, ile ya zamani nikaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. Amplifaya ikapiga ikiwa baridi kama jiwe la mtungini. Basi ikawa ushahidi. Newala nzima ikajua kwamba Fundi Chilumba alishindwa, kijana wake akaweza. Wateja wake wakaanza kushusha vyombo Masasi kwa basi, na mimi nilivipokea. Kabla mwaka haujaisha akamrudishia mwenye duka baraza lake, akaenda kuishi shambani kwake, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka mjini. Vyuma vyake viwili vya kupasha mkaani alinitumia kwa kondakta wa basi, vimefungwa kwenye gazeti. Hakuandika neno. Nilivitundika ukutani kwangu na kila mgeni nilimwambia kwa majivuno ni vya mwalimu wangu.

Sasa yaliyobaki ni ya mwaka juzi. Kutoka kijijini kwetu Nanganga nililetewa amplifaya ya kwaya. Klasi D, transista ya upande mmoja inachemka. Nikabadilisha. Ikarudi baada ya mwezi, transista ileile. Nikabadilisha tena, nikaweka na feni, nikamwambia mwalimu wa kwaya wapunguze spika. Ikarudi mara ya tatu, na mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, akaniuliza kama macho yangu yanaona vizuri siku hizi. Aliniuliza kwa upole kabisa. Usiku ule sikula.

Kesho yake nikaanza upya kama mwanafunzi. Nilipoinua bodi kuisogeza kwenye mwanga, ikapita karibu na pua. Salfa. Nikapiga simu kuuliza wanaihifadhi wapi, nikaambiwa inakaa stoo ya kanisa, juu ya mifuko ya salfa ambayo waumini wanawekewa pale kusubiri msimu. Ndipo nikakaa chini. Nikaitoa skopu. Transista nzuri ilikuwa inapanda wima kama ukuta. Ile inayochemka ilikuwa inapanda mteremko, kama barabara ya kupandia Newala. Ilikuwa inachelewa njiani. Nyuma yake kuna rezista ndogo kuliko punje ya mtama, isiyo na miguu, inayoipelekea amri ya kufungua. Imeandikwa omu kumi. Nikaipima ikasoma mia tatu na zaidi. Chini ya lenzi, pembeni mwake palikuwa peusi, na kwenye weusi huo zimeota nywele ndogondogo. Fedha iliyo ndani ya rezista hizi salfa inaila, na kadiri inavyoliwa ndivyo amri inavyofika imechelewa, na transista inaungua bila kosa lake.

Vijana, andikeni hili mahali. Chombo kikitoka kwa wakulima wa korosho, pimeni rezista zote ndogo zinazoilisha transista kabla hamjaigusa transista yenyewe. Mimi nilianza kuweka zile za zamani zenye miguu, nikaipaka bodi vanishi, nikawaambia wenyewe wasilaze chombo chumba kimoja na salfa. Amplifaya ya Nanganga haijarudi mpaka leo.

Siku hiyohiyo, kabla sijaifunga ya kwaya, nililimwaga boksi la vyuma chakavu sakafuni. Bodi ya Mama Shukuru ilikuwa chini kabisa. Niling'oa rezista ya upande ule, nikaipima mara tatu, nikabadilisha mita, nikapima tena. Haikuhitaji hata kupimwa, ilikuwa nyeusi inaonekana kwa macho. Risasi ya mzee juu ya transista, lile donge la ugali, ilikuwa bado imeshika vilevile. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Mke wangu alifikiri kuna msiba.

Jumamosi nikapanda Newala, nikapita mjini, nikakodi bodaboda mpaka shambani. Fundi Chilumba alikuwa barazani anamenya muhogo wa kuanika, kisu kinatembea taratibu, mkono hautetemeki hata kidogo. Mama Rehema, mkewe, akanipa mkeka. Niliamkia, nikaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya bondeni. Kisha nikaitoa bodi kwenye mfuko na kumpa bila kusema. Hakuitazama. Aliisogeza puani, akafumba macho.

"Salfa," akasema.

Nikamweleza yote. Rezista, zile nywele, mteremko kwenye skopu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza redio iliyoletwa, kichwa kimeinama upande mmoja. Alipenda sana habari ya nywele, akaniuliza mara mbili zina rangi gani. Nilipomaliza, nikamwomba radhi. Akageuza muhogo mkononi.

"Mimi nilikuomba macho tu, Dadi," akasema.

Mama Rehema aliinuka akaingia ndani. Kisha mzee akaniuliza yale maneno niliyasemea wapi. Nikasema barazani pako, mwalimu. Akaniuliza mbele ya nani. Nikamtajia Mama Shukuru na wengine niliowakumbuka.

"Basi na haya kayaseme palepale," akasema, na akaendelea kumenya.

Nikamwahidi. Nikamwambia msimu wa korosho ukiisha, maana sasa watu wote wako mashambani na mnadani, utasema nani akusikie. Ilikuwa kweli, wakati wa korosho hakuna anayesimama kusikiliza. Lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa bado nina meza, nina jina, na niliona haya. Msimu ukaisha nikasema acha mvua zipungue. Mvua zikapungua nikasema nitakwenda Idi. Nilimpigia simu mara mbili, tukazungumza habari za afya, hakunikumbusha wala mimi sikugusia. Mara ya tatu simu alipokea Mama Rehema, akaniambia mzee kazikwa juzi, walinitafuta kwa namba yangu ya zamani.

Nilikwenda matangani. Watu walizungumza juu ya subira yake, juu ya namna alivyowasomesha watoto wa ndugu. Juu ya ufundi wake hakusema mtu, nadhani kwa kunisitiri mimi niliyekuwa nimekaa pale. Nami nikanyamaza. Niliona siyo mahali pake, yeye alisema barazani.

Basi baada ya arobaini ndipo nikaenda. Nilimpitia kwanza Mama Shukuru, ambaye siku hizi amewaachia wanawe muziki. Nilimweleza akiwa amesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amplifaya ile miaka yote ilikuwa inalala chumba kimoja na salfa ya mumewe, na kwamba kama siku ile ningemuuliza angeniambia. Kisha akasema yeye hakuwahi kuutilia shaka mkono wa Fundi Chilumba, mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwomba tuongozane mpaka sokoni. Akavaa khanga yake akaja.

Baraza lipo. Duka la vitenge limekuwa duka la simu, na pale ilipokuwa meza pana kabati la kioo lenye chaja na kava za rangi rangi. Muuzaji ni kijana wa watu, mchangamfu, na wateja walikuwepo wanne. Niliwasalimia. Nikasema mimi ni Fundi Dadi wa Masasi, na kwamba mahali hapa, mbele ya mama huyu, nilisema mkono wa Fundi Chilumba umechoka. Nikasema haikuwa kweli. Nikasema hitilafu aliijua yeye, akanionyesha, mimi nikamcheka, na mkono wake haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa na bodi, nikainua waione. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Wale wateja walitazamana. Mmoja alisema pole mzee, kwa namna ya mtu anayekwepa. Muuzaji alinivutia kiti, akanifutia kwa mkono, nikaona ni mtoto wa adabu.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Fundi Chilumba ndiyo nani?"

Mama Shukuru akageuza uso akatazama barabarani. Mimi nikakaa kwenye kile kiti, nikaanza tangu mwanzo, siku ile nilipokuja na shati la sikukuu nikapewa ndoo. Nilikuwa sijafika kwenye jiko la mkaa alipoingia mtu anataka chaja, kijana akaniomba radhi akaenda kumhudumia. Nikasubiri amalize.